Chumba cha Kulia

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: naitwa Roselyn, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, mjane, mpishi, na mwanamke ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Wenzako wananisikitikia tangu mwezi jana. Wewe ndio kwanza unaanza, kwa hiyo vuta kiti.

Kwa kifupi, hoteli yangu ya kwanza kando ya barabara kuu ilipitiwa na tingatinga wakati barabara inapanuliwa. Ya pili iliteketea kwa moto wa jirani. Nikavuka mpaka nikaja Jinja, nikijiambia kwamba mikosi haina pasipoti. Kumbe inayo, na imegongwa mhuri.

Hapa Jinja nikakodi jumba kuukuu lililojengwa na Wahindi, lenye nguzo za mviringo, veranda pana, na mwaka wa 1936 umechongwa juu kabisa kwenye paji la uso wake. Mtaa mzima una majumba ya namna hiyo. Mengine yamebomolewa kimyakimya, mengine yamewekwa kwenye hifadhi. Letu limehifadhiwa. Wenyeji wanaliita Kwa Popat, ingawa sijapata mtu anayemkumbuka huyo Popat.

Wiki iliyopita niliishia pale Shakul aliponipigia simu kutoka Mbale kusema mama yake amekubali kuja kuniona. Nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Shakul Mafabi ni muuza vitambaa wa Namakwekwe, mtaa wa huko Mbale, mtu mzima mwenye mvi zake, mpole, na ndiye mwanamume ninayetaka kuolewa naye. Ila aliniambia mapema, bila kuficha, kwamba bila baraka ya mama yake haoi.

Na Mama Nambozo alikuwa hataki hata kuniona.

Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kanisa langu, kwa kuwa wao ni Waislamu. Au Ukenya wangu. Shakul akanisahihisha. Alisema mama yake hana shida na dini ya mtu wala na Wakenya, shida ni Kiswahili. Hataki kukisikia nyumbani kwake. Wazee wengi wa huku wako hivyo, kwa sababu enzi za utawala wa kijeshi Kiswahili ndiyo lugha iliyobisha hodi kwa kitako cha bunduki. Mimi Kilumasaba, lugha ya Wagisu wa kwao, sijui, na yeye Kiingereza hajui. Tungeongea kwa lugha gani, ya ndege?

Kuna jambo jingine inabidi ulijue kuhusu Shakul.

Baba yake, Magid, alikuwa fundi cherehani hapa Jinja. Wanajeshi walimkamata wakati Shakul bado yumo tumboni, eti amemshonea mtu suruali ya kitambaa kinachofanana na chao. Hakurudi, na maiti haikuonekana. Lakini Shakul hajawahi kutamka kwamba baba yake alikufa. Mama yake alimfuata Jinja kumtafuta, na tangu Shakul akiwa mtoto amekuwa akimwambia neno lile lile: "Nilimwacha anakula."

Shakul amelishikilia neno hilo kama wengine wanavyoshikilia hati ya shamba. Mtu anayelishwa si mtu wa kuuawa, anasema. Kwa hiyo baba aliachiwa, akaogopa kurudi Mbale, akakimbilia Kenya. Ndiyo maana Shakul, kila anapokwenda kununua mali Kenya, anasimama kwenye kila hoteli ya barabarani na kuuliza kama kuna mzee fundi cherehani, mtu wa Mbale, anayekuja kula hapo. Ndivyo alivyofika kwangu. Aliagiza samaki, akauliza swali lake kwa aibu, nami nikampenda papo hapo. Mwanamume anayemtafuta baba yake kwa umri ule hawezi kumtupa mke.

Sasa turudi kwenye jumba.

Nilipolikodi, chumba kikubwa cha upande wa kushoto wa ukumbi kilikuwa stoo ya magunia. Mlango wake ulikuwa umepakwa rangi juu ya rangi. Nikauingilia kwa msasa, maana chini nilihisi kuna mbao za mvule ambazo leo hupati. Tabaka la kijani likatoka, la kijivu likatoka, kisha zikajitokeza herufi nyeusi, kubwa, zimenyooka: CHUMBA CHA KULIA.

Nilicheka kwa furaha. Nimefungua hoteli kwenye jumba ambalo tayari lina chumba cha kulia. Nilijiuliza kidogo kama pengine aliyeandika alimaanisha chumba cha mkono wa kulia, lakini kile kiko mkono wa kushoto, kwa hiyo shaka ikaisha. Nikaona ni ishara ya Mungu kwamba mikosi imechoka.

Gordon naye alifurahi kuliko mimi. Huyu ni kijana wa ofisi ya majengo ya kale, mwenye miwani na utepe wa kupimia mfukoni, na kwake kila kilichozeeka ni kitakatifu. Alipiga picha herufi zile, akapiga picha komeo la chuma la mlango ule, kisha akaniambia kwa upole kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kupaka rangi, hakuna kung'oa, hakuna kubadilisha mlango. Sheria inalinda nguzo, madirisha, dari, milango na maandishi yaliyomo. Nikamuuliza inalinda na wapangaji? Akasema hapana, wapangaji hawamo.

Nikapanga meza, nikatandika vitambaa. Wateja wakaja.

Kisha wakaanza kuniacha, na walioniacha ni wazee. Vijana wanakula, wanalipa, wanaondoka. Mzee anaingia ukumbini, anauona mlango, anasimama. Mmoja alivua kofia yake, akaikunja, akatoka bila kuaga. Mwingine, haji mmoja muuza vyuma, alikubali kula, lakini verandani tu, hata mvua inyeshe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hapo ndani kuna baridi, na kweli kulikuwa na baridi. Jua la Jinja linachoma bati mpaka linalia, na chumba kile ukiingia unatafuta sweta.

Tena watu wakiingia humo sauti zao zinashuka. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Wanaingia wakibishana mpira, wakikaa tu wananong'ona, na sahani zinarudi jikoni zikiwa na nusu ya chakula. Mimi na upishi wangu huu. Nililia kwa uchungu, maana nilidhani wananikataa mimi.

Halafu Dorothy, msichana anayenisaidia kuhudumia meza, akaja kuniambia mchana kweupe, chumba kikiwa kitupu, kwamba amesikia mtu analia humo ndani. Nilimkaripia. Nikamwambia ni njiwa walio darini, ambao Gordon amekataza tusiwaguse kwa sababu dari nayo ni ya kale. Dorothy akanitazama, akasema, "Mama, mimi njiwa nawajua." Tangu siku hiyo anafagia chumba kile akiwa ameacha mlango wazi, na kiti ameuegemezea ili usijifunge.

Mimi pia niliisikia, sitawaficha. Ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia, ya mtu aliyeambiwa anyamaze. Nikawasha redio.

Basi, siku ya Mama Nambozo ikafika.

Nilijiandaa kama mtu anayepokea rais. Kuku alichinjwa na imamu wa jirani. Nikajifunza kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayotoka mlimani kwao, ndani ya mchuzi wa karanga, mpaka mwanamke wa Kigisu aliyenifundisha akalamba mwiko. Kuhusu lugha, nilimwahidi Shakul nitafunga mdomo. Nitatabasamu, nitapiga magoti kumsalimu kama wanawake wa kwao wanavyofanya, nitapakua. Nilijiruhusu sentensi moja tu ya Kiswahili, ya heshima, ya kumkaribisha mezani. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Alishuka kwenye gari akiwa amemshika Shakul mkono. Mwanamke mwembamba, mtandio mweupe, macho makali. Shakul alikuwa amemwambia tu kwamba mchumba wake ana hoteli mjini. Alilitazama jumba kutoka ng'ambo ya barabara muda mrefu, na mimi, mpumbavu, nikadhani anapendezwa na rangi mpya ya nguzo. Nilikuwa nimezipaka nyeupe, kwa kibali cha Gordon.

Nilipiga magoti verandani. Akaniwekea mkono kichwani. Moyo wangu ukafunguka, nikaona harusi yote mbele yangu.

Tukaingia ukumbini. Nikanyoosha mkono kuelekea mlango, nikatoa ile sentensi yangu moja kwa ufasaha wangu wote.

"Mama, karibu chumba cha kulia."

Alisimama. Mkono wake ukaachia mkono wa Shakul. Nikafikiri amekasirika kwa ajili ya lugha, nikaanza kuomba radhi, tena kwa Kiswahili hicho hicho, nikizidi kuharibu. Lakini yeye hakuwa ananisikiliza mimi. Alikuwa anautazama mlango.

Kisha akasema, kwa Kiswahili, na Shakul akaruka kama aliyeshikwa na umeme, maana katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mama yake akisema neno la lugha hiyo.

"Nani alikuambia hiyo maneno?"

Nikamwonyesha herufi. Hakuzisoma. Aliupitisha mkono juu yake, akaushusha mpaka kwenye lile komeo la chuma, komeo zito la upande wa nje, ambalo mimi nimelifungua na kulifunga kila asubuhi bila kujiuliza chochote.

"Chumba ya kula," akaniuliza taratibu, "inafungwa nje?"

Mimi niliyezaliwa ndani ya Kiswahili, niliyekuwa nawacheka Waganda kwa kusema 'kukula', nilisimama pale, na lugha yangu mwenyewe ikanigeuka. Kulia ni kula mahali fulani, na kulia ni kutoa machozi. Kila mtoto anajua. Mimi nilikuwa nimeona sahani tu.

Mama Nambozo aliingia, akavuta kiti, akakaa. Shakul alibaki mlangoni. Akaanza kumwuliza mama yake kwa Kilumasaba kuna nini, na yeye akajibu kwa Kiswahili kile kile kilichovunjikavunjika, huku akinitazama mimi. Sasa najua kwa nini. Alitaka asikilizwe na mtu anayekijua vizuri, neno lisije likakosewa tena.

"Ilikuwa hii nyumba," alisema. "Mimi nilisimama hapo nje, kwa veranda. Tumbo yangu ilikuwa ya huyu. Afande moja akatoka. Nikamuuliza bwana yangu, Magid. Mimi Kiswahili sijui, nilikuwa nasema jina tu, Magid, Magid. Akasema, 'Mama, ludi nyumbani. Bwana yako iko chumba ya kulia.'"

Akalainisha kitambaa cha meza kwa kiganja.

"Sisi kwetu kula ni khulya. Mimi nikasikia khulya. Nikafikiri wanamupatia chakula. Nikapiga magoti, nikashukulu huyo afande. Yeye akacheka sana."

Nilitaka aishie hapo. Hakuishia hapo.

"Na nilisikia mutu analia," alisema. "Ndani, huku. Nikahurumia yeye. Nikafikiri, huyo ni mutu mwingine. Magid wangu anakula."

Dorothy, aliyekuwa amesimama na jagi la maji, aliliweka chini akatoka. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilijiona nimekuwa yule askari, nimesimama kwenye ukumbi ule ule, nikitabasamu, nikimwambia mwanamke yule yule maneno yale yale. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

Shakul akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua.

"Ulijua lini?"

Mama yake hakukwepa. Alisema alijua kabla Shakul hajaanza kutembea. Alikuwa sokoni Mbale, amembeba mgongoni, na mama mmoja wa Kinubi alikuwa anambembeleza mtoto wake kwa Kiswahili: acha kulia, acha kulia. Akauliza hilo neno maana yake nini. Akaonyeshwa machozi ya mtoto. Alikaa chini katikati ya soko, juu ya matope, akakaa mpaka watu wakaja kumwinua. Tangu siku hiyo hakutaka Kiswahili kiingie nyumbani kwake, na watu wakadhani ni kwa sababu ya wanajeshi. Yeye alikuwa analiogopa neno moja tu, lisije likamfikia mwanawe.

"Na mimi ukaniambia anakula," Shakul akasema. "Miaka yote. Nimeuliza watu mpaka Mombasa."

"Ulikuwa mutoto. Halafu ukakua na ulikuwa unafurahi."

Shakul akanigeukia. Nilijua swali linakuja, na nilitamani ardhi ya Popat inimeze.

"Roselyn, wewe ndiye unayekijua Kiswahili. Chumba cha kulia maana yake nini?"

Nikasema ukweli, kwamba ni neno moja lenye maana mbili.

"Basi inaweza kuwa ni cha kula kweli." Alilidaka jibu langu kabla sijalimaliza. "Wanajeshi nao walikuwa wanakula. Labda mwenye nyumba ndiye aliyeandika. Labda afande alisema ukweli. Mwambie Mama."

Nilifungua kinywa. Ningeweza kumwambia, na si uongo wa wazi, maana lugha ilikuwa inaniruhusu. Lakini nililiona lile komeo, nikakumbuka sauti niliyoiwashia redio nisiisikie, na maneno hayakutoka. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mdomo wangu ulinyamaza wenyewe, na Shakul akausoma unyamavu wangu. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa ukumbi.

Mama Nambozo ndiye aliyesema tena. Alisema kwa utulivu, kana kwamba hatimaye amefika alikokuwa anakwenda, kwamba anasikia harufu ya malewa. Magid alikuwa anayapenda. Akaniambia nipakue.

"Sahani mbili," akasema. "Niliambia watu yeye anakula. Leo akule."

Nilikwenda jikoni. Mpishi ni mpishi, nilipakua vizuri. Ugali wa wimbi, malewa, paja la kuku kwa kila sahani. Nililia ndani ya mvuke wa sufuria, kwa ajili ya mtu ambaye sikumjua, aliyelia humo huku mkewe akishukuru kwa magoti nje ya ukuta.

Nilipotoka na sahani zile mbili, Shakul alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba. Hakuwa mkali. Ningependelea angekuwa mkali. Alinishika kifundo cha mkono, ule ulioshika sahani ya pili.

"Moja mpelekee, ana njaa," alisema. "Hii nyingine iache. Baba yangu yuko Kenya. Ni mzee, anashona mahali fulani, na mimi sijafika huko bado. Ukiiweka sahani hii mezani, wewe ndiye umemzika. Siwezi kumwoa mtu aliyemzika baba yangu."

Nikamwambia bila baraka ya mama yake hanioi, aliniambia mwenyewe. Akasema anajua. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Akaniomba nimwambie Gordon aondoe jumba hili kwenye hifadhi yake, walibomoe, apande mtu migomba hapa, asiwepo tena wa kusoma mlango huu. Nilimhurumia mpaka nikakaribia kuirudisha sahani jikoni. Kweli, niligeuka nusu.

Hapo ndipo Mama Nambozo alipoita kutoka ndani. Mwaka mzima nilikuwa nikiota kuitwa hivyo na mwanamke huyu, na aliniita kwa lugha yangu.

"Mwanangu," alisema, "mbona unachelewa? Sisi wote wawili tuna njaa."

Mkono wa Shakul ulikuwa bado umenishika. Baridi ya chumba ilikuwa inatoka mpaka ukumbini, ikitupitia miguuni. Nilimtazama nijue kama naye amesikia nilichosikia mimi baada ya maneno yale, kile kiti cha pili kikivutwa taratibu juu ya sakafu, lakini yeye hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anautazama mlango.